MREJESHO: Kuficha usonji na ADHD sokoni Kadutu

Wapendwa, mwezi wa tatu niliwaandikia kutoka Bukavu: nina usonji na ADHD (shida ya kutulia na kukaza akili) pamoja, nauza vitenge Kadutu, na kutwa nzima naigiza ili watu wasijue. Nacheka wenzangu wakicheka, najilazimisha kumtazama mteja machoni, jioni nafika nyumbani hata salamu imenishinda. Nikawaomba ushauri; asanteni sana mlionijibu.

Kilichonifaa zaidi ni ule ushauri wa kuipa mikono kazi. Nina kipande cha kitenge, nakisokota vidoleni mteja akivutana nami bei. Wanadhani napima ubora wa kitambaa! Tena jioni sipandi moto, yaani pikipiki ya abiria. Natembea kwa miguu, sisemi na mtu, nikifika nyumbani naweza kuitikia.

Ule ushauri wa kumwambia mtu mmoja ndio uliokwenda nusu nusu. Nilianza na yaya, ndugu yangu mkubwa. Akasema mtu hawezi kuwa na yote mawili. Nikamweleza kuwa hata mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulikuwa haukubali yaandikwe pamoja mpaka toleo la 2013. Wapi! Akaniitia watu wa maombi. Lakini mama wa meza ya jirani hakuhitaji maelezo marefu. Akiona nimenyamaza, anapokea wateja wangu, hata haniulizi.

Na lile daftari mlilonishauri, la kuandika mambo ya siku? Nililipoteza siku ya nne. La pili nalo sijui liko wapi. Siku hizi naandika kwa biki kiganjani, ila nikinawa kabla ya kula, orodha nayo imekwenda.