Kompyuta ya nyumbani kwa laki tisa: mtumba wa ofisi au vipande vipya? Tujadili bila matusi

Mleta mada, Sakina Arusha

Wadau habari za jioni. Hii ishu kila nikikaa na watu inaibuka na inaishia kelele. Kundi moja linasema kama hela yako ni ya mawazo kamata desktopu ya mtumba iliyotoka kwenye maofisi ya Ulaya, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, chomeka, kazi imeisha. Kundi la pili linasema huko ni kuokota yaliyowashinda wenzetu, jichange ununue vipande vipya, ufunge mwenyewe. Bajeti ninayoizungumzia ni laki tisa, monita tayari ipo, na kompyuta ni moja ya nyumba nzima, yaani mzee anaandika invoisi, mama ana hesabu za kikoba, dogo wa form 3 anasoma lakini tunajua atacheza gemu, alafu kuna mmoja anahariri video za harusi wikiendi.

Msimamo wangu nautoa mapema mnipige mawe vizuri. Mnabishana mpya au mtumba wakati mnatakiwa kubishana kipande gani kiwe kipya. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ya mtumba haina neno, ni nadra sana kufa, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) nayo ivoivo. Vya kununua vipya ni vile vinavyopokea umeme wa ukutani na vile vinavyobeba kazi zako, maana yake pawa sapalai (boksi la ndani linalogawa umeme) na diski. Prosesa ikifa unatafuta nyingine, diski ikifa picha za ubatizo ndio basi tena.

Sasa ukienda kuchagua mtumba usiniulizie "ni i5?". Prosesa za Intel zinazoitwa Core i5 zimeanza kuuzwa 2009, mtu akikwambia i5 peke yake hajakwambia kitu. Soma namba inayofuata. i5-4570 ni kizazi cha 4, ya 2013, ina koo 4 (vichwa vinavyofanya kazi kwa pamoja). i5-8500 ni kizazi cha 8, ya 2018, ina koo 6. Na hapo kwenye 8 ndio mstari ulipo, kwa sababu Microsoft wamesitisha apdeti za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 kihalali inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu (kwa mpinzani wake AMD ni nyingi za Ryzen 2000 kwenda juu) pamoja na TPM 2.0, kile kichipu cha usalama. Ukiwa dukani bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, inakujibu palepale. Anayetumia Linux huyo mwacheni, hayo hayamhusu.

Alafu usione aibu kuomba kufungua mfuniko wa pembeni. Mulika mazabodi (ile bodi kubwa inayobeba vipande vyote) na tochi ya simu, tafuta vile vikopo vidogo vya kapasita karibu na prosesa. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Ukiona kimevimba au kuna ute wa kahawia umekaukia pale, rudisha mfuniko, sema asante.

Upande wa vipya, kwa hela hii mimi naona prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G, bado ni mwanaume. Koo 6, nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa mpigo), wati 65, na grafiki, ile inayotoa picha kwenye monita, iko humohumo ndani kwaiyo hununui kadi leo. Ila hiyo grafiki inakopa RAM ya kompyuta, hivyo weka vijiti viwili vya GB 8, sio kimoja cha 16, tofauti utaiona kwenye gemu wazi kabisa. Na muwe macho na herufi F kwenye Intel. i3-12100F inakuwa nafuu kidogo kuliko i3-12100 na watu wanashangilia, kumbe F maana yake haina grafiki, unafika nyumbani unaunga waya wa monita kwenye mazabodi, giza.

Na wale mnaovuka Namanga kwenda Nairobi kwa sababu ya bei, sikatai, ila waranti yako inabaki upande ule wa mpaka. Mazabodi ikizingua utaipandisha basi tena?

UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, sijaisahau. Hiyo ndio hela ya kwanza kutoka mfukoni, kabla hata ya prosesa. Karibuni.

Fundi, Majengo Moshi

Mkuu umeongea vizuri ila kanuni yako inavunjikia kwenye mashine ileile unayoisifia. Fungua OptiPlex ile nyembamba uone pawa sapalai yake. Sio ya kawaida, umbo lake ni la Dell, plagi inayoingia kwenye mazabodi nayo ni ya Dell, sio ile ya pini 24. Ukitaka kuweka mpya ya dukani kwanza haiingii kwenye keisi, pili unatafuta adapta. HP nao wana mambo yao. Sasa huyo mtu wako wa laki tisa "pawa mpya" anaitoa wapi?

Na niongeze lingine mlikasirikie. Hizi pawa sapalai mpya za bei chee zilizobandikwa wati 500 mimi nazipima kwa mkono kwanza, kabla ya mita. Unaibeba, nyepesi kama mkate. Ndani hamna kitu, koili ndogo, vichujio vya umeme wameruka kabisa. Pawa ya kiwandani ya Dell iliyotumika miaka sita ofisini kwenye umeme uliotulia naiamini kuliko hiyo mpya. Kwaiyo upya sio hoja, hoja ni nani aliitengeneza. Ukifunga vipande vipya na ukabana hela kwenye pawa sapalai ili upate keisi ya vioo na taa, mimi ndio utakayeniletea, na sitakucheka, nitakutajia tu bei.

Joto pia mmelisahau. Nyie mko juu huko Arusha kuna kibaridi, huku Moshi mwezi wa pili feni inaunguruma mchana kutwa na vumbi limejaa. Keisi nyembamba bila kupuliziwa vumbi inapika prosesa.

Chalii wa Ngarenaro

Fundi heshima yako ila mnatuchelewesha na mitumba. Mtumba waranti yake ni wiki moja ya kutesti, siku ya nane muuzaji hakujui. Kipya nikikifunga leo kwenye soketi ya AM4 (tundu la prosesa za AMD kwenye mazabodi), mwakani nikipata hela natoa 5600G naweka nyingine yenye nguvu zaidi, mazabodi ileile, RAM ileile. Hiyo OptiPlex nyembamba unaipandisha wapi? Kadi ya grafiki lazima iwe ile fupi, na isiyozidi wati 75 inazopata kwenye mazabodi maana hamna waya wa kuipa umeme wa ziada. Unabaki na kadi ya GTX 1650 fupi, ukiipata, na bei yake ya kushangaza. Huyo wa harusi anahariri video na hiyo? Atamkabidhi bibi harusi video siku ya anivesari aisee.

Mimi naanza taratibu. Mwezi huu mazabodi na prosesa, mwezi ujao RAM na SSD (diski ya kasi isiyozunguka), ule mwingine keisi na pawa. Nani ananikimbiza?

Mama wawili, Njiro

Samahanini kaka zangu, mimi sio mtu wa kompyuta sana ila swali langu dogo. Kwa nini msinunue laptopu ya mtumba basi? Ina betri yake, umeme ukikatika watoto wanaendelea, hamna UPS hamna nini. Na ninyi mnaojenga kidogokidogo, hiyo mazabodi ikikaa kwenye boksi miezi mitatu si ndio waranti inaliwa hivyo? Hujui hata kama inawaka.

Mleta mada

Dada hilo la waranti kuliwa kwenye boksi umemmaliza chalii, sina cha kuongeza. Nunua vyote siku moja au usubiri hela itimie, hamna katikati.

Ila laptopu nakataa, na sababu wala sio ya kitaalamu. Laptopu ya nyumba nzima haikai nyumbani. Ikifika Jumatatu iko chuo, Ijumaa iko kwa mjomba Usa River, mwisho wa mwezi chaja imepotea. Desktopu inakaa sebuleni, na mzazi akipita anaona dogo anafanya nini.

Fundi, hoja ya pawa ya Dell imeingia, ila mimi diski sitoki hapo. Hata kama mtumba umekuja na SSD, muulize muuzaji imetumika masaa mangapi, programu kama CrystalDiskInfo inaonyesha ya bure. Nunua mpya, ile ya zamani iwe ya kuhifadhia muvi.

Fundi, Majengo Moshi

Kwenye diski tuko pamoja. Na kwa dada wa Njiro kuna njia ya tatu hawa hawajaitaja. Zipo desktopu ndogo, ukubwa wa kitabu kinene, OptiPlex Micro, HP Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Pawa yake iko nje kama chaja ya laptopu, ikifa unanunua chaja nyingine nzima na hugusi ndani. Tafuta yenye i5-8500T, hiyo T ni ya wati 35, umeme inatumia kidogo na UPS ya VA 650 (VA ni kipimo cha uwezo wake) inaibeba pamoja na monita, muda wa kutosha kusevu na kuzima. UPS nayo itesti dukani, washa mashine na monita juu yake, chomoa ukutani, uone. Betri yake ni ile ya volti 12, baada ya miaka miwili mitatu ujiandae kubadilisha.

Chalii wa Ngarenaro

Sawa fundi, na gemu la dogo?

Fundi, Majengo Moshi

Gemu la dogo ni mepesi tu, grafiki ni UHD 630 ya ndani ya prosesa, hakuna pa kuchomeka kadi. Video za harusi za 1080 zinakwenda, Intel ana Quick Sync, kitengo cha video ndani ya prosesa, inasaidia kutoa faili. Akianza kupiga 4K (picha kali kuliko hiyo ya 1080) basi hapo nakubali, aende na wewe kwenye AM4.

Chalii wa Ngarenaro

Harusi gani siku hizi haipigwi 4K mangi?