Maji ya moto na limau yanayeyusha kitambi kweli?

FundiwaVitenge: Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Mimi fundi cherehani, kutwa nimekaa. Mwezi mzima kila alfajiri nakunywa vikombe viwili vya maji ya moto na limau, jioni natembea nimejifunga nailoni tumboni. Juzi nikapima kwa yule kijana wa mzani pale stendi, nikatembea saa nzima, nikapima tena: robo tatu kilo imekwenda! Nikampigia dada simu nikijisifu. Kesho yake ikarudi yote, na sketi niliyojishonea Krismasi zipu inagoma palepale. Nimepigwa?

Babu_Mzani: Hiyo nailoni itoe leo, mwanangu, utakuja kuzimia barabarani. Kilichotoka ni jasho, ukanywa likarudi. Mafuta mwili ukiyatumia hugeuka hewa chafu na maji. Kwenye kilo 10 za mafuta, kama 8.4 hutoka puani na mdomoni, unapumua tu. Na limau haliyeyushi kitu. Tumbo si sufuria yenye mafuta yaliyoganda.

NesiWaZamu: Ila maji yana kazi. Mwaka 2010 kuna utafiti Marekani, watu wa makamo na wazee waliopunguza chakula: waliokunywa nusu lita kabla ya kila mlo walipungua kama kilo 2 zaidi ya wenzao ndani ya wiki 12. Tumbo linajaa, unakula kidogo. Mchana wewe unakunywa nini?

FundiwaVitenge: Soda saa nne na chapati. Saa kumi nyingine, mara nyingi mteja ndiye ananunua, kukataa ni aibu.

NesiWaZamu: Chupa ya mililita 350 ya kola ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Zidisha mara mbili. Zipu yako imekwama hapo, dada. Mteja akikuuliza, mwambie maji.

Babu_Mzani: Na usijilazimishe lita tano kama vijana wa gym. Mkojo ukiwa wa njano ya mbali, inatosha.

FundiwaVitenge: Asanteni. Sasa niseme ukweli: maji mchana nakwepa makusudi. Choo cha hapa sokoni ni mia tatu kila ukiingia, na nikiinuka mteja anahamia kwa fundi wa pili. Leo nimeweka chupa ya lita chini ya cherehani. Nimeshalipa mia sita, na hata saa nane haijafika.