Tupeane uzoefu: ndugu wa tumbo moja wamegombania mirathi, wote wanasali. Mnawapatanishaje?

Mzee wa Kanisa
Matanga yakishaanuliwa ndipo vita inaanza. Kaka mkubwa kashika funguo, dada anauliza kodi ya wapangaji inaenda wapi, wadogo hawasalimiani hata mlangoni mwa kanisa. Mnaosuluhisha kesi hizi, leteni hatua mnazofuata. Mistari ya kufarijiana tunayo tayari.

Mama Jumuiya
Tenganisheni dhambi na mali kabla hamjakaa. Matusi, uongo, kofi la siku ya msiba: hayo ni ya toba. Nyumba, shamba na ng'ombe ni ya mirathi. Mkiyachanganya, mtu anasamehe leo, kesho analetewa karatasi: "Si umesamehe? Saini basi." Huyo hamtamwona tena kikaoni.

Kisha fuateni Mathayo 18:15-17 kwa mpangilio wake. Kwanza wawili wenyewe, uso kwa uso, siyo kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ikishindikana, shahidi mmoja au wawili. Hapa wengi wanaharibu kwa kumleta shangazi ambaye ana upande tangu marehemu yu hai. Tafuteni mtu asiyerithi chochote na asiyedaiwa na yeyote kati yao.

Msikae kwenye nyumba inayogombaniwa. Kila mmoja apewe dakika kumi bila kukatizwa, na mwenzake arudie alichosikia kabla ya kujibu. Hapo pa kurudia ndipo penye kazi, maana mtu anagundua alikuwa anajibu jambo ambalo halikusemwa. Saa mbili zikifika, fungeni. Mkizidisha, yanafufuka ya ada ya shule ya miaka ishirini iliyopita.

Katekista
Kweli kabisa. Na sala ya kufungua iwe fupi. Ukiomba "Bwana, mguse aliyeshupaza shingo", kila mtu anajua nani anasemwa, na kikao kimekufa kabla ya Amina.

Wakili wa Mirathi
Mchungaji asigawe mali. Luka 12:13-14, mtu alimwomba Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi, naye akakataa kuwa mgawanyi.

Kwa Tanzania, kikao cha ukoo kinapendekeza msimamizi na kuandika muhtasari, mahakama ndiyo inamteua. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu, kwa hiyo familia ya Kikristo iulize mapema ifungue wapi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, msimamizi anapeleka orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Msimamizi si mmiliki. Ugomvi mwingi unazaliwa na msimamizi anayekaa kimya, hata kama hajaiba kitu.

Mlokole
Mahakamani tena? 1 Wakorintho 6, Paulo anauliza kwa nini msikubali kudhulumiwa. Mnafundisha watu kushtakiana mbele ya wasioamini.

Wakili wa Mirathi
Kuomba usimamizi si kumshtaki mtu. Na ukitaka kudhulumiwa, dhulumiwa kwa fungu lako, usikubali kwa niaba ya mjane na yatima. Soma Hesabu 27: binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu kudai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wamenena haki.

Mlokole
Hapo kwa yatima sibishani. Lakini mfunge na kuomba kwanza.

Mgeni
Na kama mmoja kashika panga na kumfungia mjane nje, huku anatafuta mnunuzi wa kiwanja?

Mama Jumuiya
Kikao kinasimama hapo hapo! Mjane arudishwe ndani au apate pa kulala usiku huo. Polisi, dawati la jinsia na watoto. Aliyejeruhiwa achukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, atibiwe.

Katekista
Wazee wawili wamfuate kwanza, wazungumze naye kwa upole.

Mama Jumuiya
Mwenye panga hafuatwi na wazee. Upole utakuja akishaliweka chini.

Wakili wa Mirathi
Kiwanja kikiwa na hati, mwenye maslahi aweke kaveati, yaani zuio la kukihamisha, kwa Msajili wa Hati haraka. Kisipokuwa na hati, serikali ya mtaa ijulishwe kwa maandishi, nakala ibaki nyumbani.

Mzee wa Kanisa
Nimeyachukua yote. Wakishapatana, warudi kuishi kiwanja kimoja?

Mama Jumuiya
Si lazima. Mwanzo 32-33, Yakobo alitanguliza zawadi, akainama mara saba, Esau akamwangukia shingoni, wakalia. Siku hiyo hiyo Esau akashika njia ya Seiri, Yakobo akaenda Sukothi. Andikeni nani anashika nini, nani anapokea kodi na anaitolea hesabu tarehe ngapi, wote wasaini, kila mmoja abaki na nakala. Na pangeni siku ya kukutana tena baada ya wiki sita, kabla hamjaagana.