Naandika muvi ya mapenzi ya watu wasioelewana lugha huku ziwani, waongee lugha gani?

nyakato_script:
Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu hasa mlio Mwanza na visiwani. Nina skripti naiandika, filamu fupi ya dakika kama 25, ni mapenzi ila siyo yale ya bosi na hausigeli tuliyozoea. Ni dada anaanika dagaa kwenye mwalo mmoja, pale boti zinaposhusha samaki, huko visiwa vya Ukerewe, na kijana Mganda fundi wa injini za boti, injini ya tajiri wake imekufa wakiwa upande wetu kwa hiyo kaachwa na boti anasubiri spea itoke Mwanza mjini. Kijana ana Kiluganda na Kiingereza cha kuungaunga, dada ana Kikerewe na Kiswahili. Hawaelewani kabisa ila siku zinavyoenda wanazoeana, mpaka spea inafika.

Sasa nimekwama. Nikimfanya kijana ajue Kiswahili kidogo naona stori inalegea, nikimfanya asijue kabisa kurasa zinajaa ishara za mikono tu. Halafu kuna jamaa kanishauri niweke sabutaito kila mahali na roho yangu inakataa, maana mtazamaji atakuwa anawaelewa wote wawili wakati wenyewe hawaelewani, sasa atasikiaje uzito wa hiyo hali?

Na mifano ya hapa nyumbani naikosa kwa sababu Kiswahili kimetuunganisha sana. Msukuma wa Magu na Mjaluo wa Rorya wakikutana soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza wanaongea tu, biashara inaendelea, kwa hiyo ukitaka wawili wasioelewana inabidi mmoja umtoe nje ya nchi. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021) nimeiangalia, mapenzi ya Denge na Yasmin yamenikaa moyoni, lakini kinachowatenganisha pale ni rangi na ndoa na siasa za mkoloni, lugha wanayo moja. Nipeni njia wakuu.

Kamera_Isamilo:
Stori nzuri sana mkuu, usiiache.

Tafuta The Band's Visit ya 2007, dairekta ni Eran Kolirin wa Israel. Bendi ya polisi wa Misri kutoka Alexandria wamealikwa kupiga muziki Israel, wanapanda basi linawashusha mji mwingine kabisa huko jangwani, hoteli hakuna, basi lingine mpaka kesho, mama mwenye mgahawa anawapokea walale. Wageni Kiebrania hawajui, wenyeji Kiarabu chao ni cha kubahatisha, kwa hiyo wote wanaangukia Kiingereza na chenyewe kibovu pande zote mbili. Hapo ndo pa kujifunza. Mkuu wa bendi na yule mama wanakaa usiku wanaongea mambo mazito ya maisha yao, na kwa sababu maneno waliyonayo ni machache hawana namna ya kuzungukazunguka, kila sentensi inagonga. Kwa hiyo usikiogope hicho Kiingereza cha kuungaunga, mpe na dada kidogo alichobaki nacho toka darasa la saba. Kiswahili mnyime kijana.

Ila ujue ina gharama yake. Filamu hiyohiyo watu wa Oscar waliikataa kwenye kundi la filamu za lugha za kigeni kwa sababu zaidi ya nusu ya maongezi ni Kiingereza, Israel ikabidi ipeleke nyingine. Lionheart ya Nigeria nayo ikakutwa na hayohayo 2019, na iliniuma kwelikweli kwa sababu Wanaijeria ndivyo wanavyoongea wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo kama una matamasha kichwani soma masharti yao ya lugha mapema.

Watu watakutajia pia Lost in Translation ya Sofia Coppola (2003). Naipenda sana, lakini angalia vizuri, Bill Murray na Scarlett Johansson pale wote ni Wamarekani wanaelewana vizuri tu, lugha wasiyoijua ni ya jiji lililowazunguka, Tokyo. Upweke ndo unawakutanisha. Wewe kizuizi umekiweka katikati ya wapenzi wenyewe, hiyo ni kazi nyingine na ni ngumu zaidi. Cha kuchukua pale ni sehemu anayopiga tangazo la whisky, dairekta Mjapani anamwaga maelezo marefu kwa jazba, mkalimani anageuka anamwambia kitu kifupi tu, na sabutaito hakuna. Unabaki palepale na Murray, hujui kilichosemwa. Jibu langu kwako ndo hilo, chagua upo upande wa nani. Kama ni dada basi Kiluganda kisitafsiriwe hata mstari mmoja, na ukipeleka nje tafsiri Kiswahili peke yake.

mama_sado:
Mimi za filamu sizijui sana, nachangia kwenye dagaa maana ndo kazi yangu.

Kwanza weka mwezi kwenye stori yako. Dagaa wanavuliwa kwenye giza, wanafuata taa, zamani karabai siku hizi za sola. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi inapaki, watu wanashona nyavu, wanafua, wanalala mchana, mwalo unapoa. Kwa hiyo kwenye giza dada hana muda na mtu, boti zinaingia alfajiri anagombania ndoo na wenzake, anakimbia kuanika jua lisimpite. Wakati wa kukaa na kijana utaupata kwenye mbalamwezi. Usipoliweka hilo mtu wa ziwani ataona umeandika ukiwa Nyakato hujawahi kushuka mwaloni.

Pili umesema kurasa zinajaa ishara za mikono, mbona sisi mwaloni tunanunua na kuuza na watu hatuelewani na hatuchezeshi mikono hivyo. Kirumba pale wanakuja Wakongo, Warwanda, Warundi, Kiswahili chao kingine kigumu kukifuata. Mtu anachota dagaa kiganjani, anawavunja kusikia kama wamekauka, ananusa, anaangalia mchanga umebaki kiasi gani mkononi, akikunja sura umeshajua bei inashuka. Hapo hamjasema kitu. Bei mnaandikiana kwenye kikokotoo cha simu, yeye anafuta anaandika yake, na wewe unafuta.

Na nakupa sini moja bure. Mvua. Dagaa wameanikwa mchanga mzima, wingu linatoka upande wa ziwa, ukichelewa wanalowa na wakilowa wameharibika, unawauza chakula cha kuku kwa bei ya hasara. Pale hakuna anayeitwa, kila mwenye miguu anakimbia kukusanya. Kijana aache injini yake akimbie akusanye na yeye, akosee, achanganye dagaa wa dada na wa jirani, dada amkaripie kwa Kikerewe chote alichonacho, na kijana aendelee kukusanya. Mwanamke akishamuona mwanaume amefanya hivyo hahitaji mkalimani.

JichoLaZiwa:
Mama sado umemaliza hapo kwenye mvua. Mimi nina shimo moja kwenye stori, mwandishi liangalie mapema. Simu. Google Translate ina Kiluganda tangu 2022, Kiswahili ndo usiseme, kwa hiyo mtazamaji wa leo atauliza dakika ya tatu kwanini wasitumie simu. Ukisema kisiwani mtandao hakuna watu wa Ukerewe watakupinga. Nakushauri irudishe nyuma, weka miaka ya tisini mwishoni au elfu mbili mwanzoni, taa ziwe karabai, na spea inasubiriwa kweli kwa sababu hakuna wa kumpigia kumuuliza imefikia wapi.

Ukirudi nyuma inakusaidia na kwa kijana. Serikali ya Uganda imepitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe mashuleni juzijuzi tu, 2022. Kabla ya hapo Waganda wengi Kiswahili wamekisikia mdomoni kwa wanajeshi, na kwa mtu aliyeona miaka ya Idi Amin siyo lugha ya kutongozwa nayo. Hebu fikiria kijana anasikia Kiswahili na mwili unakaza, kwa sababu nyumbani kwao lugha hiyo ilikuja na bunduki, halafu hapa anaisikia kwa mwanamke anayemwita aje ale. Hilo ukiliweka vizuri bila kulihubiri filamu yako itakuwa na kitu ambacho hizo za Tokyo hazina.

Na kwenye kushuti, kuwa muungwana na watu wa mialoni. Wengi hawajasahau Darwin's Nightmare, ile dokumentari ya Hubert Sauper ya 2004 iliyopigwa hapahapa Mwanza, ikateuliwa mpaka Oscar, dunia nzima ikatuona ni watu wa mapanki (mabaki ya sangara) na ndege za silaha, Rais Kikwete mwenyewe akaikemea. Tangu hapo kamera mwaloni inaangaliwa kwa jicho lingine. Chukua kibali Bodi ya Filamu, halafu ukifika usianze kupiga, nenda kwa BMU, kamati inayosimamia mwalo, kaa, eleza stori yote mpaka mwisho wake.

Kibanda_Mabatini:
Mbona hamjauliza nani ataiangalia? Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza, enzi za kanda za Lufufu mpaka hawa madj wa sasa wanaotafsiri filamu kwa sauti, na nawaheshimu sana kwa sababu bibi yangu asiyejua kusoma alimjua Mkorea na Mhindi kupitia wao. Sabutaito kibandani hazisomwi, skrini iko mbali na watu wanaongea. Sasa filamu ya watu wasioelewana ikishatafsiriwa na dj imekwisha, kazi yake ni kukuelewesha kila kitu, Mganda ataongea Kiswahili safi cha Kariakoo na dada atamjibu.

Kwa hiyo mimi nasema usitegemee sauti kubeba kizuizi. Kizuizi kionekane. Dada anamwambia leta maji ya kunywa, jamaa anarudi na petroli ya boti, hapo hata dj akisema nini watu wameshaona. Ila usizidishe yale makosa ya kuchekesha, mbili tatu zinatosha, zikizidi Mganda anakuwa kituko na watu wanakuja kumcheka lafudhi badala ya kumpenda.

BintiNansio:
Naomba niseme kitu ambacho hamjakigusa. Mimi ni Mhehe nimeolewa Ukara, mama mkwe wangu Kiswahili chake ni cha salamu na sokoni basi, na miaka ya mwanzo mume alikuwa anashinda ziwani mimi nabaki na mama. Nampenda sana na yeye ananipenda, tumepika wote, tumezika wote, amenishika mkono nikijifungua akiniambia maneno ambayo sikuyajua ila nilisukuma.

Lakini msiandike kana kwamba kutoelewana ni kutamu mwanzo mwisho. Kuna kitu kinauma na sijakiona kwenye muvi nyingi. Mmekaa jikoni watu watano, wanaongea lugha yao, katikati ya maneno unasikia jina lako. Halafu wanacheka. Wanaweza kuwa wamekusifia, wewe hujui, unatabasamu na wao na mikono inaendelea kuchambua dagaa, lakini usiku hulali. Mpe kijana wako usiku huo. Wanawake wa mwaloni wanaongea, jina lake linatajwa, wanacheka na dada naye anacheka. Yeye haelewi ila sisi watazamaji tunaelewa kwamba walikuwa wanamsifia, na anaondoka pale kaumia bure na dada hajui kwanini kesho yake kanuna. Hapo hata ule ushauri wa kukaa upande mmoja unauvunja kidogo, na mimi naona unavunjika vizuri.

Kamera_Isamilo:
@BintiNansio nakubali, hiyo sini mimi ningeishuti yote usoni kwa kijana, kamera isigeuke hata mara moja kwa wanaoongea. Na kwa kuwa mtazamaji wetu anajua Kiswahili waongee Kiswahili pale, isiwe Kikerewe, ndo maumivu yatakuja.

nyakato_script:
Wakuu sina la kusema, asanteni sana. Nimeamua hivi. Nairudisha mwaka 1999, karabai, hakuna simu. Kiluganda hakitafsiriwi. Stori inaanza mwisho wa giza na kijana anaondoka giza lingine linapoanza, mbalamwezi ndo yao. Mvua naiweka kama mama sado alivyoitoa na jina lako litakuwa kwenye shukrani dada. Usiku wa Binti Nansio unaingia baada ya mvua, ili aumie akiwa tayari keshapenda.

Hilo la Kiswahili kukaza mwili nalifikiria bado, nataka nipate Mganda mtu mzima nikae naye kwanza nimsikilize kabla sijaandika chochote.

Kinachobaki ni fundi mwenyewe. Sitaki Mtanzania aige lafudhi, nataka mtu ambaye Kiluganda ndo lugha yake. Kama kuna Mganda yupo Mwanza, Bukoba au hata Mutukula, umri wa miaka ishirini na kitu, awe anaweza kufungua kabureta kweli mbele ya kamera, aje PM. Nauli ya meli mpaka Nansio na chakula ni juu yangu, malipo tutaongea.

mama_sado:
Kuna mmoja anatengeneza injini pale Kirumba karibu na ninaposhushia mzigo, mpole, kaja toka Kalangala. Kesho nikishuka nitamuuliza, ila za kuigiza sijui kama anaziweza.