Kaka zangu wanasema sina fungu katika nyumba ya ukoo

Nyumba iko Pune, India, ya tangu kwa baba wa babu. Baba alifariki 2001. Juzi kaka mkubwa kaniletea karatasi ya kuachia haki, chai haijapoa keshanishikisha kalamu. Eti dhahabu niliyoolewa nayo ndiyo fungu langu. Nisaini?

Jibu: Usithubutu, dada! Marekebisho ya 2005 ya Sheria ya Urithi ya Wahindu yalimpa binti haki sawa na mwana, tangu kuzaliwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikasema si lazima baba awe alikuwa hai 2005.

Jibu: Ila waligawana lini? Mgawanyo uliosajiliwa kabla ya 20 Desemba 2004 hauguswi na marekebisho hayo.

Muulizaji: Wanadai waligawana kwa mdomo. Kama waligawana kweli, mbona jiko bado moja, na bili ya umeme ina jina la baba? Kalamu nimemrudishia.