Kamera za tai mubashara: Big Bear, Florida au Decorah, nianze na ipi?

tetere_dom
Wakuu habari za jioni. Nataka kuanza kufuatilia wale tai wa Marekani wenye kichwa cheupe, wanaofungiwa kamera kwenye kiota unaangalia laivu YouTube. Nimeona Big Bear ya California, Southwest Florida na Decorah kule Iowa. Natoka kazini jioni, bando la kawaida, na nitaangalia na binti yangu wa miaka saba. Ipi mnanishauri?

Mama Naima
Big Bear mdogo wangu, usihangaike. Kiota kiko juu ya msonobari kama mita 44 kutoka chini, nyuma unaliona ziwa lote. Na saa zinatubeba, Januari na Februari wako nyuma yetu saa 11, yaani kwao kukipambazuka huku ndio kwanza saa kumi na mbili jioni umetoka kazini. Halafu wenye kiota, jike Jackie na dume Shadow, wenyewe sasa! 2023 na 2024 hawakupata kifaranga hata mmoja, walilalia mayai wiki na wiki, Shadow analetea vijiti, Jackie theluji inamfunika mgongo wote kimebaki kichwa tu na hanyanyuki. 2025 mayai yote matatu yakaanguliwa. Mmoja alikufa kwenye dhoruba ya theluji, wawili wakaruka Juni, Sunny na Gizmo, majina walichagua watoto wa shule za hapo hapo.

kipanga254
Kwa mtoto mimi ningesema Florida. Hawa hutaga mapema, Novemba Desemba, kwa hivyo Krismasi shule zimefungwa na vifaranga wanatoka. Kamera iko karibu sana, unaona mzazi akitembea na kucha zimekunjwa kama ngumi asiwatoboe watoto, anachana kipande kidogo cha samaki anainamisha kichwa upande ndio mdomo wa mtoto ufikie. Kimbunga Ian kilibomoa kiota Septemba 2022 wakajenga upya. Februari 2023 jike, Harriet, akaondoka hakurudi tena, na dume wake, anaitwa M15, akalea watoto wawili peke yake mpaka wakaruka. Sijaona baba kama yule.

Mama Naima
Ni kweli kipanga lakini mwambie yote, Januari 2025 vifaranga wote wawili wa Florida walikufa na chanzo kilikuwa mafua ya ndege. Mtoto wa miaka saba ajiandae.

kipanga254
Hiyo ni kila kiota mama, hata Big Bear umesema mwenyewe. Pia mwambie mapema kwamba kifaranga mkubwa humdonoa mdogo vibaya siku za kwanza, wengi huzima video hapo.

mbeba_theluji
Niko Minneapolis, huku tai tunawaona kwa macho kando ya Mississippi wakati wa baridi. Kamera ya jimbo letu la Minnesota naipenda ila Aprili 2023 kiota kilianguka na kifaranga ndani baada ya theluji nzito, kilikuwa na uzito wa karibu kilo 900, tawi likashindwa. Ukitaka kujifunza kweli nenda Decorah, ile inasimamiwa na watu wa utafiti wa ndege, Raptor Resource Project, wanaeleza kinachoendelea. Wanachelewa tu, mayai ni mwishoni mwa Februari. Kwa hiyo si lazima uchague, anza Florida Desemba, Machi hamia Big Bear, Aprili malizia Decorah.

jirani_wa_ziwa
Mwanza hapa. Binti akizoea mlete aone furukombe, ni ukoo mmoja na hao, kichwa cheupe hivyo hivyo, na sauti yake ni kali kuliko ya huyo wa Marekani ambaye kwa mwili ule analia kama kifaranga.

tetere_dom
Ahsanteni sana. Na bando je?

Mama Naima
Weka 144p, akilalia mayai masaa mazima hakuna kipya. Yai likitagwa hesabu siku 35, Big Bear wanapitiliza kidogo, zikikaribia ndio upandishe ubora. Ila tangu ganda litoboke mpaka kifaranga atoke ni siku nzima na zaidi, usikeshe naye, analala shule kesho yake.

kipanga254
Na ufiche chat ya pembeni, inakimbia sana na inampotezea mtoto macho kwenye kiota.