Naomba ushauri: balbu ya taa ya mashine ya theluji

Habari zenu wakuu. Balbu ya mashine yangu ya kurusha theluji imeungua, na mimi hufanya kazi alfajiri, giza bado. Kwenye kitako imeandikwa 1156: volti 12, wati 27. Niliweka mpya ya namba hiyohiyo, ikadumu wiki mbili tu. Nilipopima waya injini ikiunguruma, nikakuta umeme ni wa AC (unaobadilika mwelekeo kila mara), betri haipo, na volti hupanda nikiongeza mafuta. LED ya gari nayo ilipepesa hadi macho yakaniuma.

Je, nikifunga rektifaya (ya kugeuza AC kuwa umeme wa mwelekeo mmoja) na kapasita (ya kuulainisha), LED itatulia, au lazima niweke na kidhibiti cha volti? Na kama nitabaki na balbu ya kawaida, ipo inayohimili mtikisiko? Ya wati 55 naiogopa, koili ya injini inayozalisha umeme wa taa isije ikaungua.